Dar hadi Guangzhou ni masaa mangapi? Namna ya kujipigia hesabu ya umbali na muda wa ndege

Haipiti wiki bila mtu kusimama mbele ya meza yetu ya tiketi hapa Kariakoo, karatasi mkononi, uso umekunjamana: "Kaka, mbona kwenda China ni masaa kumi na tano na kurudi ni sita? Rubani wa kwenda anapitia wapi?" Ukimtazama tu unajua alichofanya. Amechukua saa ya kufika, akatoa saa ya kuondoka, kama anavyotoa chenji dukani, na hesabu imempa ndege inayokwenda kama daladala inayojaza abiria na kurudi kama risasi.

Kutoa ametoa sawasawa. Tatizo ni kwamba saa mbili zilizoandikwa kwenye tiketi hazitoki kwenye ukuta mmoja: ya kuondoka ni ya Dar, ya kufika ni ya huko unakokwenda.

Maswali mengine ni ndugu wa hilohilo. Guangzhou ni mbali kuliko London? Nikipitia Dubai nitakuwa nimezunguka sana? Tiketi inasema 00:30, sasa nitoke nyumbani siku gani? Nimeshayajibu kwa mdomo, kwa ujumbe wa sauti na hata mgongoni mwa risiti. Leo nayaandika yote mahali pamoja, uweze kujipigia hesabu mwenyewe hata kama tiketi hujanunua kwangu.

Neno moja kabla ya kuanza. Walimu wa Kiswahili wanataka tuseme "saa" hata tunapohesabu muda. Nawaheshimu, lakini kwenye kazi hii ukisema "saa kumi" mteja hajui unamaanisha safari ya urefu huo au ndege inaondoka alasiri. Kwa hiyo humu nitaandika "masaa" kwa urefu wa muda na "saa" kwa kile kinachosomwa ukutani. Wanisamehe.

Vitu vya kuwa navyo

Tiketi yako au ratiba ya safari, hata kama ni picha ya simu. Kama hujanunua bado, jina kamili la uwanja unaokwenda linatosha. Jina la mji pekee halitoshi. Simu yenye kikokotoo na saa ya dunia (ipo ndani ya programu ya saa, wengi hawajawahi kuifungua). Karatasi na kalamu, kwa sababu hesabu za saa za kichwani ndizo zinazotuponza. Na kama una mtoto wa shule mwenye tufe la dunia, liazime. Kama hakuna, tafuta chungwa na uzi.

Hatua kwa hatua

1. Andika herufi tatu za kila uwanja.

Kila uwanja mkubwa una herufi zake tatu. Julius Nyerere ni DAR, Kilimanjaro ni JRO, Zanzibar ni ZNZ, Mwanza ni MWZ. Dubai ni DXB, Doha ni DOH, Mumbai ni BOM, Johannesburg ni JNB, Istanbul ni IST, Heathrow ya London ni LHR. Guangzhou ni CAN, na tafadhali usishtuke: hiyo haina uhusiano na Canada. Kuna mzee mmoja aliirudisha tiketi mezani akidai tumempeleka kwa Wazungu wa baridi.

Onyo: miji yenye majina yanayofanana ipo mingi. Birmingham ya Uingereza ni BHX, ya Marekani ni BHM. San José ya Costa Rica ni SJO, San Jose ya California ni SJC. Ukitafuta umbali kwa jina tu, mtandao unaweza kukupa mji ambao hukuukusudia, na tarakimu zitaonekana za maana kabisa. Angalia pia London: Heathrow ni LHR, Gatwick ni LGW, na kutoka kimoja kwenda kingine ni safari ya barabarani.

2. Tafuta umbali wa angani.

Hapa watu wengi huchukua ramani ya ukutani na rula. Ramani hiyo imetandaza kitu cha mviringo, kwa hiyo mstari ulionyooka juu yake mara nyingi sio njia fupi. Chukua chungwa, weka kidole pawe Dar, kingine pawe New York, kisha vuta uzi ukaze. Utauona unapanda kaskazini, unakatiza Sahara na kutokea Morocco kabla ya kuvuka Atlantiki. Njia hiyo ya uzi uliokazwa ndiyo umbali wa angani, na ndiyo inayotajwa mtu akisema "umbali wa ndege" kati ya viwanja viwili. Nadharia imeishia hapo.

Njia rahisi: fungua tovuti ya Great Circle Mapper, andika DAR-CAN, na itakuchorea mstari na kukupa umbali. Kipimo cha rula kilicho ndani ya Google Earth nacho hufanya kazi hiyohiyo.

Njia ya mkono, kwa mwenye bando lililoisha au anayependa kuhakikisha: unahitaji latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili na kikokotoo chenye sini na kosini. Dar ni latitudo −6.88 (hasi kwa sababu tuko kusini mwa ikweta) na longitudo 39.20. Guangzhou ni 23.39 na 113.30. Tofauti ya longitudo ni 74.10. Fanya hivi:

Sini ya −6.88 zidisha sini ya 23.39: unapata −0.0476.
Kosini ya −6.88 zidisha kosini ya 23.39 zidisha kosini ya 74.10: unapata 0.2496.
Jumlisha: 0.202.
Bonyeza kosini ya kinyume (kitufe cha cos⁻¹): digrii 78.3.
Zidisha kwa 111.2, maana kila digrii moja juu ya uso wa dunia ni takriban kilomita hizo.

Jibu linakuja 8,707. Ukibaki na desimali zote bila kukata unafika karibu 8,710.

Onyo: alama ya hasi ya Dar usiisahau. Mimi niliisahau mara ya kwanza, nikapata kilomita 8,085 na nikafurahi kwamba nimegundua njia ya mkato. Nilichokuwa nimefanya ni kuihamishia Dar es Salaam kusini mwa Ethiopia.

3. Geuza umbali kuwa masaa.

Ndege kubwa ya jeti ikishatulia juu hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Lakini kuna kupanda, kuna kushuka, kuna kutambaa chini kabla ya kuruka na baada ya kutua, na ratiba ya ndege inahesabu vyote hivyo: inaanza pale ndege inapoachana na jengo na kuisha pale inapoegeshwa upande wa pili. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: gawanya kilomita kwa 850, kisha ongeza nusu saa.

Guangzhou: 8,710 gawanya kwa 850 ni 10.25. Ongeza 0.5, unapata 10.75, yaani masaa 10 na dakika 45.

Hapo kwenye desimali pamewaangusha wengi. 10.75 sio masaa kumi na dakika sabini na tano. Zidisha hiyo 0.75 kwa 60, upate 45. Kama umezoea kubadili pesa utaelewa haraka, kwa sababu ni hesabu ya namna ileile, isipokuwa shilingi hii ina senti sitini.

Hii ndiyo orodha niliyoibandika nyuma ya kiti changu, kutoka Dar, umbali ukiwa umekadiriwa hadi kumi iliyo karibu:

Johannesburg: km 2,430, masaa 3 na dakika 20. Wako nyuma yetu kwa saa 1.
Doha: km 3,810, masaa 5. Saa yao ni sawa na yetu.
Dubai: km 3,970, masaa 5 na dakika 10. Wako mbele kwa saa 1.
Mumbai: km 4,680, masaa 6. Wako mbele kwa saa 2 na nusu.
Istanbul: km 5,450, masaa 6 na dakika 55. Saa sawa na yetu mwaka mzima.
London: km 7,500, masaa 9 na dakika 20. Wako nyuma kwa saa 3, au 2 majira ya joto yao.
Guangzhou: km 8,710, masaa 10 na dakika 45. Wako mbele kwa saa 5.
New York: km 12,440, masaa 15 na dakika 10. Wako nyuma kwa saa 8, au 7 majira ya joto yao.

Ya London na New York ni makadirio ya ndege ambayo ingeruka bila kutua popote. Wewe huenda ukaunganisha njiani, na hilo lina hatua yake hapo chini. Lakini yule aliyeuliza kama Guangzhou ni mbali kuliko London amepata jibu: ndiyo, kwa zaidi ya kilomita 1,200.

Makadirio haya yanaweza kupishana na ratiba kwa robo saa, nusu saa, hata zaidi kidogo kwa safari ndefu. Kwa ndege ya pangaboi kanuni haifai kabisa: ile ni ya polepole, gawanya kwa 550 au 600 badala ya 850. Dar hadi Mwanza ni kama kilomita 850 angani. Jeti inakwenda kwa saa moja na nusu; ya pangaboi, usimwambie mwenyeji wako akusubiri mapema hivyo.

4. Tafuta tofauti ya saa kwa tarehe ya safari.

Tanzania tuko saa 3 mbele ya UTC, ile saa moja ambayo nchi zote hupimia saa zao, na hatubadilishi mwaka mzima. China nzima inatumia saa moja, mbele ya UTC kwa 8, nayo haibadilishi. Nane toa tatu ni tano. Kwa mfanyabiashara wa Guangzhou mambo yameisha hapo.

Wanaobadilisha ndio wenye kutusumbua. Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo kuna majuma machache kila mwaka ambapo New York imeshasogea na London bado. Usiulize "tofauti ni ngapi" ukaishia hapo; uliza "tofauti ni ngapi siku hiyo".

India nayo ina nusu saa yake, mbele ya UTC kwa 5 na nusu. Wagonjwa wengi wanaopelekwa huko kwa matibabu husindikizwa na ndugu ambaye ndiye mwenye kushika saa za dawa, na dozi ya kila masaa manane ukiihesabu kwa tofauti ya "kama saa mbili hivi" inaanza kuteleza siku ya kwanza tu. Andika 2 na nusu, kwa kalamu.

5. Rudisha saa zote Dar, kisha ndipo utoe.

Wapo wanaofundisha kanuni ya "ukienda mashariki toa, ukienda magharibi jumlisha". Ni sahihi, na sijawahi kumwona mtu akiikumbuka akiwa amesimama kwenye foleni. Njia yangu haina cha kukariri: kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ibadilishe iwe ya Dar, ndipo utoe kama kawaida.

Mfano. Tiketi inasema kuondoka DAR 10:30, kufika CAN 02:15 siku inayofuata. Saa 02:15 ya Guangzhou ukitoa tano ni 21:15 ya Dar, siku ileile uliyoondoka. Kutoka 10:30 hadi 21:15 ni masaa 10 na dakika 45.

Kurudi: kuondoka CAN 04:00, kufika DAR 10:15. Saa 04:00 ya Guangzhou ni 23:00 ya Dar, usiku wa jana yake. Kutoka 23:00 hadi 10:15 ni masaa 11 na dakika 15.

Yule mteja wa masaa kumi na tano na sita alikuwa na saa za namna hii. Kwenda na kurudi kumbe ni karibu sawa. Hiyo nusu saa ya ziada ya kurudi mara nyingi ni upepo: juu kabisa, hasa kaskazini mwa dunia, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda mashariki unakusukuma, ukirudi unakukabili. Kati ya London na New York, umbali wa kilomita 5,540, tofauti ya kwenda na kurudi hufika karibu saa nzima.

Onyo: alama ya +1 pembeni ya saa ya kufika ni ndogo kama chembe ya uwele, lakini ndiyo inayosema unafika kesho yake. Hoteli nyingi zinalipiwa bure kwa usiku ambao mteja alikuwa bado hewani.

6. Geuza kuwa saa ya Kiswahili, na andika usiku wa kuamkia.

Tiketi inahesabu kutoka usiku wa manane, sisi tunahesabu kutoka macheo. Kuanzia 00:00 hadi 06:59, ongeza sita: 04:00 ni saa kumi alfajiri. Kuanzia 07:00 hadi 18:59, toa sita: 10:30 ni saa nne na nusu asubuhi. Kuanzia 19:00 hadi 23:59, toa kumi na nane: 21:15 ni saa tatu na robo usiku.

Hatua hii naikazia kuliko zote, kwa sababu yaliyonikuta yalikuwa ya ndani ya familia. Binamu yangu alikuwa na tiketi ya tarehe 14, saa 00:30. Nikampigia simu nikamwambia kwa kujiamini kabisa: "Ndege yako ni tarehe kumi na nne, saa sita na nusu usiku." Tarehe kumi na nne jioni wakaja, Noah imejaa, shangazi mbele, mabegi mawili na ndizi za safari. Saa tatu na nusu usiku tupo mlangoni, tunaambiwa ndege imeshaondoka masaa ishirini na moja yaliyopita. Shangazi hakuniambia kitu. Alinitazama tu, na mpaka leo akitaka kusafiri anamuuliza mtu mwingine.

Kiswahili chetu kina maneno ya kuzuia hilo, nami sikuyatumia. Ndege ya tarehe 14 saa 00:30 ni ya usiku wa tarehe 13 kuamkia 14. Ukitakiwa uwanjani masaa matatu kabla, uko pale tarehe 13, saa tatu na nusu usiku. Kwa ndege yoyote inayoondoka kati ya 00:00 na 05:59, andika maneno "kuamkia" juu ya tiketi, na mtaje anayekupeleka jina la siku: usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi.

7. Kama unaunganisha ndege, hesabu kila kipande peke yake.

Umbali wa Dar hadi Dubai jumlisha Dubai hadi Guangzhou ni 3,970 na 5,830, yaani kama 9,800. Ukilinganisha na 8,710 ya moja kwa moja, umezunguka karibu kilomita 1,100. Sasa jaribu kupitia Addis Ababa: 1,755 na 8,040. Inakuja karibu 9,800 vilevile. Mimi mwenyewe sikuamini hadi nilipoirudia. Watu hubishana hapa dukani njia ipi ni fupi, kumbe kwa kilomita hazina tofauti ya maana. Kinachotofautisha ni muda wa kusubiri katikati, na bei.

Masaa ya safari hiyo ya Dubai: kipande cha kwanza 5 na dakika 10, cha pili 7 na dakika 20, na ukisubiri masaa 4 katikati, jumla ni 16 na nusu. Muda wa kusubiri unausoma kwa saa ya uwanja wa katikati, kwa sababu kufika na kuondoka pale vyote vimeandikwa kwa saa ya pale. Hapo hakuna cha kubadilisha.

Maonyo mawili. La kwanza: neno "moja kwa moja" muulize anayekuuzia analitumiaje. Ndege inaweza kubaki na namba ileile na wewe ukabaki kitini, ila imetua mahali. Baadhi ya ndege za kutoka Ulaya hutua Kilimanjaro au Zanzibar kwanza ndipo zije Dar. Kila kutua hivyo ongeza walau saa moja na nusu. La pili: ukinunua tiketi mbili tofauti kwa sababu ni rahisi, ndege ya pili haikusubiri ikiwa ya kwanza imechelewa, na begi huenda ukalichukua na kulikabidhi upya, jambo ambalo katika nchi nyingine linataka viza. Kwa tiketi za namna hiyo mimi siuzi pengo la chini ya masaa matano, hata mteja anune.

8. Ongeza nchi kavu.

Mwenyeji wako haulizi ndege inakaa hewani muda gani. Anataka kujua utagonga mlango saa ngapi. Safari za nje, fika Jengo la Tatu masaa matatu kabla. Kutoka Kariakoo kwenda uwanjani usiku mtupu ni safari fupi. Jioni ya siku ya kazi, Barabara ya Nyerere ni kitu kingine. Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa 2018 na lilitupumzisha, lakini foleni haikufa, ilihamia mbele. Ukitoka Tegeta au Kimara siku ya mvua ya masika, jipe masaa mawili bila aibu. Huko unakofika weka saa moja na nusu kwa uhamiaji na mabegi.

Guangzhou moja kwa moja, basi, kutoka mlango wa nyumba: 1 na nusu ya barabarani, 3 ya uwanjani, 10 na dakika 45 ya ndege, 1 na nusu ya kutoka nje. Masaa 16 na dakika 45. Hiyo ndiyo ya kumwambia mwenyeji.

Hesabu ikikataa

Programu mbili zimenipa umbali tofauti. Zikitofautiana kilomita 10 au 20, ziache. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Wengine wanaihesabu hivyo, wengine wanaichukulia kuwa duara kamili. Zikitofautiana kilomita mia, moja imepima mji na nyingine uwanja, au umeandika herufi za uwanja mwingine.

Nimepata masaa machache mno. Angalia kipimo. Guangzhou hiyohiyo ni maili 5,410 hivi, na maili za baharini, ambazo marubani hutumia, 4,700. Ukigawanya 5,410 kwa 850 unapata safari ya chini ya masaa saba, na haipo. Zidisha maili za kawaida kwa 1.609, za baharini kwa 1.852, ndipo uendelee.

Umbali umezidi kilomita 20,000. Haiwezekani. Mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo kitu kilicho mbali kuliko vyote kiko nusu yake. Umezunguka upande mrefu. Safari ndefu ya abiria bila kutua, Singapore hadi New York, ni kama kilomita 15,300.

Kikokotoo kinatoa namba za ajabu kwenye sini na kosini. Kimewekwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, badala ya digrii. Tafuta kitufe cha DEG ukibonyeze, kisha jaribu sini ya 30; ikikupa 0.5 uko salama.

Nimepata muda hasi. Umesahau +1, au ulipobadilisha kuwa saa ya Dar ulivuka usiku wa manane na hukurudisha tarehe. Andika tarehe pembeni ya kila saa, hata kama unaona ni utoto.

Hesabu yangu na ratiba zinapishana kwa zaidi ya saa moja, na ndege ni ya moja kwa moja. Fungua Flightradar24 au FlightAware, tovuti za kufuatilia ndege zikiwa angani, tafuta namba ya ndege yako, utazame safari zake za siku zilizopita zilichukua muda gani na zilipita wapi. Mara nyingi utaona mstari umepinda kukwepa anga iliyofungwa kwa sababu ya vita, au upepo wa msimu. Hapo amini ratiba, kanuni yangu iweke mfukoni.

Simu imenichanganya baada ya kutua. Simu nyingi hujibadilisha saa zenyewe zikipata mtandao wa huko, na ukiwa uliingiza safari ya kurudi kwenye kalenda ukiwa Dar, kwa saa za Guangzhou lakini bila kuiambia simu kwamba ni za Guangzhou, ukifika itaisogeza mbele kwa masaa matano. Ndege ya 04:00 itaonekana ni ya 09:00, na kengele italia ukiwa umeshaachwa. Unapoingiza, chagua mji wa saa hiyo. Kama hujui pa kuchagua, andika saa ndani ya jina lenyewe la tukio, "kuondoka 04:00 saa ya Guangzhou", na uongeze Dar kwenye saa ya dunia ili zikae zote mbili kwenye kioo.